Kardinali Aliyekataa Kiti cha Baba Yake



Juma hili nataka tuzungumze juu ya viti. Sina maana ya viti vya bunge, wala vya kampuni, maana hivyo vina wachambuzi wake wa kutosha. Nazungumzia viti vya kanisani, na nitaanza na kiti changu mwenyewe, kwa sababu si haki mtu kufagia ua wa jirani na wake umejaa majani.

Mwezi uliopita nilihudhuria harambee ya kanisa moja hapa mjini. Fedha zilizokuwa zikichangwa zilikuwa za kuezeka paa jipya. Nilifika mapema, suti nimeipiga pasi, na mfukoni nina bahasha yenye shilingi 10,000. Uwanjani kulikuwa na hema mbili. Moja ilikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa juu ya vumbi. Ya pili ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe, na meza zenye maua na chupa za maji. Kijana mmoja mwenye beji kifuani aliniuliza jina, akalitafuta katika karatasi yake, akalikosa, kisha kwa adabu nyingi akanielekeza kwenye plastiki.

Nilikaa. Mfawidhi akashika kipaza sauti, akaanza kuwatambua wageni. Alimtambua mbunge, akamtambua mwakilishi wa wadi, wenyeviti wa kamati tatu, maaskofu wawili, mtume mmoja, nabii mmoja, na daktari mmoja ambaye baadaye niliambiwa hakuwa daktari wa hospitali wala wa chuo kikuu. Shughuli hiyo ilichukua dakika 45. Najua hivyo kwa sababu kazi yetu ya redio hutuzoesha kupima muda hata tukiwa likizoni. Jina langu halikutajwa. Na mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, ambaye sauti yangu huingia katika nyumba za watu kila juma, niliinuka nikaondoka. Bahasha niliondoka nayo.

Nyumbani mke wangu aliuliza, "Baba watoto, mbona mmemaliza mapema?" Nikamsimulia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo paa livuje kwa sababu wewe hukutajwa." Akarudi jikoni.

Ndugu msikilizaji, nilibaki pale sebuleni nikiwa sina la kusema, na nikakumbuka jambo la mwaka 2003.

Mwaka huo nilikuwa mwanafunzi wa stashahada ya uandishi wa habari, nikifanya mazoezi katika chumba kimoja cha habari. Jumamosi tarehe 6 Septemba ikaja habari kwamba Maurice Michael Kardinali Otunga amefariki Nairobi, akiwa na umri wa miaka 80. Mhariri aliyekuwa zamu aliniagiza niandike maisha ya marehemu kwa ufupi. Nilifanya kazi kwa bidii ya kijana anayetaka kuonekana. Niliandika kwamba alikuwa Mkenya wa kwanza kuwa kardinali, kwamba alikuwa askofu mkuu wa Nairobi kwa zaidi ya robo karne, kwamba alishiriki katika kuwachagua mapapa wawili. Mhariri akasoma, akanirudishia karatasi. "Umeniletea vyeo vitupu," alisema. "Huyu mzee alikuwa akiishi wapi?"

Sikujua. Ilibidi niulize. Na jibu nililopata ndilo lililonifanya, miaka hii yote baadaye, nimkumbuke nikiwa na bahasha ya paa mfukoni. Mimi si Mkatoliki, na wala simzungumzii mzee huyu ili kulitukuza kanisa lake kuliko mengine. Namzungumzia kwa sababu maisha yake yanauliza swali ambalo makanisa yetu yote yanalikwepa.

Maurice Otunga alizaliwa tarehe 31 Januari 1923 katika kijiji cha Chebukwa, katika nchi ya Wabukusu, sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Bungoma. Baba yake alikuwa Chifu Sudi Namachanja, mtu mkubwa, mwenye mali na wake wengi. Ili tuelewe uzito wa jambo hilo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Wabukusu hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa koo. Mwaka 1895 Waingereza waliwapiga vita vikali ambavyo kilele chake kilikuwa ngome ya Chetambe, karibu na Webuye ya leo, na damu nyingi ilimwagika. Mwaka 1902 eneo lile lilitolewa Uganda likaunganishwa na himaya ambayo baadaye ikawa Kenya. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuweka wakuu wa kiserikali vijijini, na kutokana na sheria hiyo akazaliwa yule mtu tunayemwita chifu.

Chifu wa wakati wa mkoloni hakuwa mtu wa kuchezewa. Yeye ndiye aliyesimamia ukusanyaji wa kodi ya kibanda. Ndiye aliyetafuta watu wa kwenda kulima barabara na kufanya kazi za wazungu. Ndiye aliyetuma askari wa utawala mlangoni pako alfajiri. Kwa sheria, chifu aliteuliwa na serikali, lakini mara nyingi mtoto wa chifu ndiye aliyemfuata baba yake, kwani ndiye aliyepelekwa shule, na ndiye aliyejulikana ofisini kwa bwana mkubwa wa wilaya. Kwa hiyo mtoto wa kiume wa Sudi Namachanja, aliyesoma na mwenye akili, hakuwa na haja ya kutafuta maisha. Maisha yalikuwa yamemtafuta tayari.

Kijana huyo alisoma kwa wamisionari wa Mill Hill, ambao walikuwa wameingia magharibi mwa Kenya tangu mwanzo wa karne. Alibatizwa mwaka 1935 akiwa na miaka 12. Halafu akasema jambo ambalo katika boma la chifu lilikuwa kama wazimu. Alisema anataka kuwa padre.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa macho ya baba. Padre haoi. Padre hana mtoto wa kumpa jina la babu. Padre hamiliki ng'ombe, na huenda anakotumwa, hata kama ni kwa watu wasiojua ukoo wake. Kwa Sudi Namachanja, mwanawe hakuwa akichagua kazi nyingine tu. Alikuwa akifunga mlango ambao ukoo mzima ulitegemea kuupitia. Baba alimtaka arithi kiti chake, mtoto akakataa. Alikwenda seminari Kakamega, akaenda Ggaba nchini Uganda, kisha akapelekwa Roma, ambako alipewa upadre tarehe 3 Oktoba 1950.

Wahubiri wetu wanapofika hapa husema haleluya, hadithi ikaisha. Lakini najua kuna msikilizaji makini ambaye tayari ameinua mkono. Anasema: "Ndugu mtangazaji, mbona huyo hakupoteza kitu? Alikataa kuwa chifu wa Wabukusu, akawa mkuu wa kanisa. Ameacha kiti cha mbao akakalia cha dhahabu."

Hoja hiyo ni nzito, na historia inaipa nguvu. Mwaka 1956 Padre Otunga aliteuliwa kuwa askofu msaidizi wa Kisumu, akiwa na miaka 33 tu. Mwaka 1960 akawa askofu wa kwanza wa Jimbo la Kisii. Mwaka 1969 akahamishiwa Nairobi kuwa msaidizi mwenye haki ya kurithi, na mwaka 1971 akawa askofu mkuu. Tarehe 5 Machi 1973 Papa Paulo wa Sita akamfanya kardinali. Ilipofika mwaka 1978, mapapa wawili walipokufa katika muda wa miezi miwili, alifungiwa ndani na makardinali wenzake mara zote mbili, Agosti na Oktoba, kumchagua papa mpya. Ni wanadamu wangapi duniani wamewahi kuifanya kazi hiyo mara mbili? Mtoto wa chifu wa Malakisi alikuwa mmoja wao. Kweli, kwa macho ya nje, alipanda ngazi ndefu kuliko ile aliyoikataa.

Lakini tusiende haraka. Kuna tofauti kati ya kiti unachokifuata na kiti unachoitwa ukikalie. Na mtihani wa kujua tofauti hiyo hauji siku ya kupewa. Siku ya kupewa kila mtu ni mnyenyekevu. Hata sisi watangazaji tukipewa tuzo husema hatukustahili, huku tumeshaandaa hotuba. Mtihani uko mahali pawili: jinsi mtu anavyokikalia kiti, na jinsi anavyoinuka.

Otunga alikuwa askofu wakati ambapo kanisa lake lenyewe lilikuwa likijiuliza swali hilo. Alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkubwa wa maaskofu wa mwaka 1962 hadi 1965. Katikati ya mkutano huo, Novemba 1964, Papa Paulo wa Sita alishuka na taji lake la ngazi tatu, lile walilovalishwa mapapa kwa karne nyingi kama wafalme, akaliweka juu ya altare liwe sadaka kwa maskini. Hakulivaa tena, na hakuna papa aliyevishwa taji tangu yeye alipovishwa la kwake mwaka 1963. Mwaka 1965, siku chache kabla ya mkutano kufungwa, maaskofu wapatao 40 walikutana katika makaburi ya chini ya ardhi ya Domitilla, Roma, wakaahidiana kuishi kama watu wa kawaida katika nyumba, chakula na usafiri, na kukataa kuitwa kwa majina ya ukubwa. Sasa linganisha na hema ile ya makochi niliyokueleza. Maaskofu wa mwaka 1965 walikuwa wakivua majina. Sisi leo tunayavaa mawili mawili.

Wala usidhani unyenyekevu wa mzee huyu ulikuwa wa kuinamisha kichwa na kukubali kila kitu. Mwezi Agosti 1996, hapo Uhuru Park, alishiriki katika kuchoma hadharani mipira ya kondomu na vitabu vya mafunzo juu ya ukimwi, akiwa na kiongozi wa Kiislamu. Jambo hilo lilizua mabishano makubwa, na hadi leo wapo wanaolaumu tendo lile, wakikumbuka watu tuliowazika miaka ile. Mimi mwenyewe nilizika binamu zangu wawili, na siwezi kusema moto ule ulinifurahisha. Nalitaja ili tusimgeuze mtu kuwa sanamu. Mnyenyekevu anaweza kuwa mkali, na anaweza pia kulaumiwa. Kukataa ukubwa si kinga ya kukosea.

Sasa tuje kwenye kuinuka. Sheria ya kanisa lake inamtaka askofu aandike barua ya kuomba kustaafu anapofikisha miaka 75. Otunga alitoka katika kiti cha Nairobi mwezi Aprili 1997, akiwa na 74, miezi tisa kabla ya kutimiza umri huo. Katika bara letu, ndugu msikilizaji, unajua mwenyewe jinsi viongozi wanavyohesabu miaka. Wengi huongeza; ni wachache wanaopunguza.

Na alikwenda kuishi wapi? Hili ndilo swali la mhariri wangu. Siku zake za mwisho aliishi Kasarani, katika Nyumba ya Wazee, makao ya wazee maskini yanayoendeshwa na Masista Wadogo wa Maskini. Majirani zake katika jengo lile walikuwa wazee wasio na kwao: waliokuwa vibarua, watumishi wa nyumbani, wajane walioachwa na watoto. Kardinali wa Kanisa la Roma alikuwa mzee mmoja kati ya wazee.

Nilipoandika hayo mwaka 2003 niliona nimemaliza kazi. Sikufikiria kuuliza swali la pili: hao masista ni nani? Nimekuja kulisoma jibu lake miaka mingi baadaye, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Shirika lile lilianzishwa Ufaransa na mwanamke aliyeitwa Jeanne Jugan. Alizaliwa mwaka 1792 katika mji wa wavuvi wa Cancale, pwani ya Bretagne. Baba yake alipotelea baharini Jeanne akiwa bado mdogo. Alifanya kazi ya jikoni katika nyumba za watu, kisha akahudumu hospitalini. Wakati wa baridi ya mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan, alimchukua kikongwe kipofu aliyekuwa hana wa kumtunza, akampandisha ngazi hadi chumbani kwake, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe, na yeye akaenda kulala darini. Baada ya yule akaja mwingine, na mwingine. Wakajitokeza wasichana wa kumsaidia. Jeanne alichukua kikapu akawa anapita mlango kwa mlango kuwaombea wazee wake. Husimuliwa kwamba siku moja mtu alimpiga kofi badala ya kumpa kitu, naye akamshukuru kwa kile cha kwake, akamwomba sasa atoe cha wazee.

Wenzake walimchagua kuwa mkuu wao, na wakamchagua tena Desemba 1843. Siku chache baadaye padre aliyekuwa mshauri wao, Auguste Le Pailleur, aliufuta uchaguzi ule kwa amri yake, akamweka msichana wa miaka 23, Marie Jamet. Jeanne alirudishwa kwenye kikapu. Mwaka 1845 Akademia ya Ufaransa ilimpa tuzo ya wema, kwa kuwa watu wa nje walijua ni nani aliyeanzisha kazi. Lakini mwaka 1852 padre huyo alimwondoa barabarani, akamweka ndani ya nyumba kuu ya shirika, bila kazi yoyote ya uongozi. Alikaa huko miaka 27. Wasichana waliokuja kujiunga walifundishwa kwamba mwanzilishi ni padre, na kwamba kikongwe yule, Sista Maria wa Msalaba, alikuwa wa tatu tu kujiunga. Alikula nao, akasali nao, na wengi wao hawakujua wako mezani na nani. Alifariki Agosti 1879 akiwa na miaka 86, wakati shirika lake lilikuwa na masista wapatao 2,400.

Uongo haukudumu. Roma ilichunguza, na mwaka 1890 Le Pailleur akaondolewa. Marie Jamet naye, kabla ya kufa kwake mwaka 1893, alikiri kwamba hakuwa yeye wa kwanza. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Jeanne kuwa mwenye heri tarehe 3 Oktoba 1982, siku ileile ya mwezi ambayo Otunga alipewa upadre, na Papa Benedikto wa Kumi na Sita akamtangaza mtakatifu mwaka 2009.

Kwa hiyo tazama, ndugu msikilizaji. Mtoto wa chifu aliyekataa kiti alikwenda kumalizia uzee wake katika nyumba ya mama aliyenyang'anywa kiti. Wawili hao hawakufanana. Otunga alichagua, Jeanne alionewa. Na hapa ndipo nataka tuwe waangalifu, kwa kuwa neno unyenyekevu limetumika vibaya sana makanisani kwetu.

Mara ngapi tumemsikia mchungaji akimwambia mhudumu wa kanisa, ambaye hajalipwa miezi mitatu, awe mnyenyekevu? Mara ngapi akina mama wanaopika, wanaofagia na wanaokusanya fedha wameambiwa wanyenyekee, huku kamati ikiwa ya wanaume watupu? Mwenye gari jipya anamhubiria mwenye viatu vilivyotoboka kwamba Bwana anapenda walio wadogo. Huo si unyenyekevu, hayo ni mahubiri ya Le Pailleur. Unyenyekevu wa Jeanne Jugan ulikuwa wake, ulikuwa mzuri, nao haukumhalalishia padre yule uongo wake. Kanisa lilifanya haki kumwondoa mwongo na kurudisha jina la mama yule mahali pake. Mtu anaweza kusamehe kunyang'anywa. Jamii haina ruhusa ya kusahau.

Ninavyosoma Injili mimi, Yesu hakuwahi kuwaambia waliokaa chini washuke zaidi. Aliwaambia wageni waliokimbilia viti vya mbele karamuni. Aliwaambia wana wa Zebedayo waliotaka kukaa kulia na kushoto. Na usiku wa mwisho, aliyeshika beseni na kitambaa hakuwa mtumishi wa nyumba. Alikuwa mkubwa wa meza. Fundisho la unyenyekevu ni dawa ya wenye vyeo, nasi tumeichukua tukawapa wasio navyo.

Kwa sababu hiyo mfano wa Otunga una thamani. Alikuwa na la kuacha. Aliliacha akiwa kijana, mbele ya baba aliyempenda. Na uzeeni akaacha tena, bila kugombana na aliyekuja nyuma yake.

Liko jambo moja la mwisho katika historia hii, nalo hunifanya nitabasamu kwa uchungu. Otunga alizikwa katika makaburi ya wamisionari, St. Austin's, Msongari, kati ya mapadre. Hakukaa hapo sana. Mwaka 2005 mabaki yake yalihamishiwa Bustani ya Ufufuko, Karen, mahali pa nafasi na pa heshima, ambapo mahujaji wanaweza kufika. Sasa kanisa lake linamwita Mtumishi wa Mungu, na mchakato wa kumtafutia utakatifu unaendelea. Nia ni njema, silaumu. Lakini naona jinsi tusivyoweza kumwacha mtu akae pale chini. Mtu akikataa kiti cha mbele akiwa hai, tutampeleka hata akiwa amelala.

Narudi kwenye bahasha yangu. Jumatatu baada ya harambee ile nilikwenda katika ofisi ya kanisa. Mhazini, mama mmoja wa makamo, alikuwa peke yake akihesabu sarafu na kuzifunga katika karatasi za shilingi mia. Juu ya kichwa chake dari lilikuwa na doa kubwa la maji. Nilimwamkia, nikampa bahasha. Akafungua kitabu cha risiti, akauliza, "Niandike jina gani?"

Nitakuambia ukweli. Kwa dakika nzima nilitaka kusema aandike "msamaria mwema". Nilishaona jinsi nitakavyokusimulia juma hili kwamba sikutaja jina langu, na jinsi utakavyonisifu. Ndipo nikagundua kwamba kiti cha mbele kinaweza kufichwa hata ndani ya kujificha. Nikamwambia aandike jina langu kama lilivyo, kwa sababu fedha za kanisa zinataka hesabu, na daftari la mhazini si mahali pa mtu kujifanyia utakatifu. Akaandika, akakosea herufi moja. Sikumsahihisha.

"Jumapili utakuja?" akauliza. "Tunahitaji watu wa kupanga viti."

Nilikwenda. Vilikuwa viti 200 vya plastiki, na nimepanga vyote na vijana watatu ambao hawakuwa na habari kama mimi ni mtangazaji. Mgongo uliniuma siku mbili.

Wewe msikilizaji, kiti chako kiko hema gani? Na kama hukutajwa Jumapili iliyopita, je, bahasha uliiacha, au ulirudi nayo nyumbani?

Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.